Aliyekuwa Akinisikilizia Ndege

Masikio yangu yaliharibikia Malton. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya Kanada niliimalizia pale uwanja wa ndege wa Toronto, nikipakia na kupakua mizigo, na ingawa tulipewa vizibo vya masikioni, ndege kubwa ikiwashwa karibu yako mlio wake hauombi ruhusa, unaingia mpaka kwenye meno. Nilipostaafu, mpimaji wa masikio alinionyesha kwenye kompyuta kwamba sauti nzito bado ninazo, ila zile nyembamba za juu zimekwenda na hazirudi. Ndiyo maana nilikuwa siisikii filimbi ya birika wala king'ora kidogo cha moshi kule jikoni. Sauti ya mke wangu niliisikia vizuri. Alikuwa na sauti nzito kidogo, sauti ya mwanamke aliyeimba kwaya tangu utotoni, na yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kwamba mlango umegongwa, kwamba simu inalia, kwamba maji yamechemka.

Alikuwa muuguzi. Kwao ni Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Mimi kwetu Singida, ambako mvua ni mgeni. Tulikutana Morogoro, na kwa kuwa yeye alikuwa Mnyakyusa na mimi Mnyaturu, lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kinyakyusa alikizungumza kwenye simu tu, na dada yake mkubwa aliyebaki kijijini, na mara nyingi walikuwa wakicheka sana. Nikimwuliza wanasemaje, alinijibu, "Tunakusengenya."

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa huku. Kiswahili alikielewa chote, hata mafumbo ya mama yake, lakini alijibu kwa Kiingereza. Mama anauliza kwa lugha hii, mtoto anajibu kwa lugha ile, na chakula kinalika. Hakuna aliyeona ajabu. Alipokua akapata kazi ya ofisi na kuhamia Vaughan, sisi tukabaki wawili Thorncliffe Park, kwenye ghorofa za juu, dirisha letu likitazama bondeni.

Mke wangu alipofanyiwa upasuaji wa goti aliambiwa atembee kila siku. Wazee wengi wa majengo yetu hutembea ndani ya maduka, wanazunguka kutoka mlango huu hadi ule mpaka wapate jasho. Yeye hakutaka. Alisema ametembea kwenye korido za wagonjwa maisha yake yote ya kazi, sasa anataka udongo. Nyuma ya majengo yetu kuna mahali pa kushuka hadi mto Don, na kule chini kuna njia ndefu ya msituni inayoufuata mto. Theluji ilipokwisha tukaanza kushuka, yeye na fimbo yake, mimi nikitangulia penye tope.

Siku moja mwishoni mwa Aprili tulikuta watu wamesimama njiani, wote wamekaza macho kwenye kichaka ambacho hakikuwa hata na majani. Wengi walikuwa Wazungu wa umri wetu, na miongoni mwao alikuwapo mama mzee wa Kihindi, amevaa buti za mpira na shali kichwani. Sisi tulikuwa tunabishana kama tufike darajani au tugeuze. Yule mama, bila kuondoa darubini machoni, akasema kwa Kiswahili kisicho na doa, "Simameni hapo hapo, wanangu. Msimtishe."

Tukasimama. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na redio. Baadaye tulikuja kujua kwamba mama huyo alikuwa Mwismailia, mzaliwa wa Bukoba, na kwamba alifika Toronto akiwa bibi harusi. Alikuwa mjane, watoto wake wametawanyika, na kila mwaka mwezi wa tano alikuwa bondeni asubuhi kwa asubuhi. Siku ile hakutueleza lolote kati ya hayo. Alimkabidhi mke wangu darubini yake na kumwelekeza pa kutazama. Nilipopokezwa mimi, nikakiona kidege kisichozidi kiberiti, kina mstari wa njano utosini kana kwamba mtu amekipaka binzari.  Tulipofika nyumbani mke wangu akavua viatu, akakaa, akaniambia kesho twende tukanunue darubini.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Macho ya mke wangu yalikuwa na mtoto wa jicho unaoanza, na mimi masikio ndiyo hayo. Yule mama wa Bukoba alisema kwamba sisi wawili tukiunganishwa tunatoa mtazamaji mmoja kamili, na ilikuwa kweli. Mke wangu alikuwa akisimama, anainamisha kichwa, anafumba macho. Kisha ananiambia kwa sauti ya chini, "Juu kushoto, baba, kwenye ule mti uliopinda. Analia kama gurudumu lisilo na grisi." Mimi nikiinua darubini, ninamkuta. Ndipo zamu yangu inafika ya kumweleza: ana michirizi myeupe na myeusi mwili mzima, anatambaa kwenye gome kama panya. Yeye aliwasikia nisiowasikia, mimi niliwaona asiowaona vizuri, tukawa tunapeana.

Ndege wa huku hatukujua majina yao ya Kiswahili, kama yapo, na ya Kiingereza yalimkera mke wangu kwa urefu. Akawapa yake. Yule mweusi mwenye mabega mekundu, anayekaa juu ya matete na kufokea kila apitaye, akawa Sajini. Yule wa kijivu anayelia kama paka akawa Nyau. Wa njano tupu akamwita Binti Mfalme, kwa sababu alimwona fahari kupita wote. Mama wa Bukoba aliyapenda hayo majina, akayatumia, na kabla ya mwezi kwisha hata mzee mmoja Mzungu wa kile kikundi alikuwa akinyoosha kidole kwenye matete na kunong'ona, "Sajini." Tulikuwa wageni katika nchi hii kwa miaka mingi, tukilipa kodi zake na kusukuma theluji yake, lakini nadhani mwezi ule ndio mke wangu alipojiona mwenyeji.

Mama wa Bukoba alitueleza kwamba ndege wale wadogo hutoka kusini ya mbali sana, wanasafiri usiku, wanavuka lile ziwa kubwa lililo kusini mwa Toronto gizani, na alfajiri wanaangukia miti ya kwanza wanayoiona, wakiwa wamechoka na wana njaa. Ndiyo maana asubuhi huwa hawaogopi watu. Mke wangu alisikitika. Kuanzia hapo, kila tulipofika mahali penye ndege wengi alishusha sauti, kama vile muuguzi anavyoshusha sauti akiingia wodini.

Mwaka uliofuata maneno yakaanza kumtoka.

Ilianzia bondeni. Alisimama, akainamisha kichwa kama kawaida yake, akanishika mkono, akasema, "Juu, kwenye hicho." Nikamwuliza kitu gani. Akasema, "Hicho. Cha kijani. Kinachosimama." Alikuwa anatafuta neno mti. Tulicheka sana siku ile, mtu wa Tukuyu kusahau mti, na nikamtania kwamba nitampigia dada yake simu nimshtaki. Lakini wiki ile ile akaniomba jikoni kile cha kukorogea, akaniambia anaumwa hapa pa kuvalia pete, na mimi nikaacha kutania. Hakuwa anasahau kitu kingine chochote. Alijua siku za dawa zangu, alijua njia zote za bondeni, alijua nani kwenye kikundi ana mgonjwa nyumbani. Ila maneno yenyewe yalikuwa yakimtoroka, mwanzo majina ya vitu, na Kiingereza kikitangulia mbele ya Kiswahili.

Binti yetu aligundua kwenye simu. Alinipigia mimi pembeni, akasema mama siku hizi anaitikia tu, hamwulizi kazi inaendaje. Akapanga miadi, na baada ya vipimo vingi na miezi ya kusubiri tukaketi mbele ya daktari wa ubongo, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alieleza kwamba kuna ugonjwa unaoanza kula sehemu ya ubongo inayoshika lugha, na kwamba si ule usahaulifu wa wazee tunaoufahamu. Mke wangu, aliyefanya kazi yake yote ya Kanada kwa Kiingereza, aliyewaandikia madaktari taarifa za zamu kwa Kiingereza, alinigeukia na kuuliza, "Amesemaje?"

Binti yangu alifumbua mdomo, akaufumba. Nikaeleza mimi. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia kwenye mkoba, kisha akasema, "Mwulize kama nitakuwa bubu."

Nikauliza. Daktari alisema huenda ikafika huko, ila hakuna ajuaye ni baada ya muda gani, na hakuna dawa ya kuuzuia. Nilimtafsiria mke wangu neno kwa neno, maana hakuwa mtu wa kufichwa. Alitikisa kichwa polepole, jinsi nilivyozoea kumwona akitikisa aliposikia habari za wagonjwa wake. Kisha akasimama, akaomba koti lake.

Binti yetu alianza kuja kila Jumamosi kutoka Vaughan. Alikuwa anajifunza kuzungumza Kiswahili, mtu mzima mwenye shahada mbili, akiwa na masomo kwenye simu yake. Kukisikia alikisikia tangu tumboni, lakini ulimi wake haukuwahi kukibeba, na ilikuwa kama kumtazama mtu akivuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Alimwambia mama yake, "Mama, mimi kupika wewe chai." Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu, akamsahihisha kwa maneno aliyokuwa nayo bado, "Ni-ta-ku-pi-kia." Majira yale yote ya joto walikuwa hivyo, wamekaa kwenye roshani yetu nyembamba, mmoja anaokota maneno na mwingine anayadondosha, na kwa kipindi fulani walikutana katikati wakawa na Kiswahili cha kiasi kimoja. Sijawahi kuwaona wakizungumza vile kabla ya hapo. Mambo ya mapishi, ya nywele, ya mwanamume fulani wa kazini ambaye mimi sikuruhusiwa kumjua.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, mke wangu akaanza kujibu kwa Kinyakyusa. Mwanzo neno moja hapa na pale. Halafu sentensi fupi. Binti yangu alikuwa akimwuliza kitu kwa Kiswahili chake kipya, kilichonyooka sasa, na mama yake anamjibu kwa upendo kabisa, anamtazama usoni, na mtoto haelewi hata moja. Mimi mwenyewe nilijua salamu tu na maneno machache ya ukweni. Jumamosi moja binti yangu alitoka chumbani kwa mama yake, akaja kusimama karibu nami jikoni. Nilikuwa namenya viazi. Akasema, "Nimechelewa, baba."

Ilikuwa Kiswahili kisicho na kosa. Nilimpa kisu na kiazi, akavuta kiti, tukamenya pamoja.

Mwezi wa tano ukafika tena, na watu wa kikundi walituuliza kama tutakuja. Nilikuwa na wasiwasi wa kumshusha bondeni, maana miguu ilishaanza kuwa mizito, lakini yeye mwenyewe asubuhi alivaa koti, akakaa karibu na mlango na darubini shingoni. Tukashuka polepole. Mama wa Bukoba alituandalia kiti cha kukunja, akawa anakibeba yeye mwenyewe na umri wake ule, na alikataa katakata nimpokee.

Kusikia kulikuwa hakujamtoka. Alikuwa akiinamisha kichwa vile vile, anafumba macho. Ila hakuwa tena na "juu kushoto," wala mti, wala gurudumu. Siku ya kwanza alifungua mdomo, akahangaika, midomo ikitafuta, nami nikasimama pale nimeshika darubini kama mtu aliyeshika sahani tupu. Ndipo akanishika kidevu. Alikigeuza kichwa changu kwa vidole, taratibu, kama anavyogeuzwa mtoto anayenyolewa, akakiinua kidogo, akakiacha. Nikaweka darubini machoni hapo hapo aliponielekeza. Ndege alikuwapo.

Tulimaliza wiki mbili tatu kwa mtindo huo. Wale wa kikundi waliacha kuniambia ndege yuko wapi. Waliona kwamba ninaye wa kuniambia.

Asubuhi moja baada ya usiku wa mvua, miti ya karibu na mto ilijaa. Hata mimi nisiyesikia nilijua, kwa jinsi watu walivyosimama. Akashuka ndege mmoja mpaka kwenye tawi lililokuwa mbele ya kiti cha mke wangu, karibu kiasi kwamba darubini ilikuwa haina kazi. Koo lake lilikuwa la rangi ya chungwa, kali, kama kaa linalopulizwa. Alikuwa amechoka. Alikuwa ameachia mabawa yake kidogo na manyoya yamelowa, na hakujali watu.  Mke wangu akainama mbele kwenye kiti chake, akamwambia yule ndege, "Ugonile."

Hilo ni katika yale machache niliyoyajua. Ni salamu ya Kinyakyusa, ndivyo wanavyouliza mtu kama amelala salama. Alilisema tena, kwa adabu, kama anamsalimu mgeni aliyefika mlangoni. Kisha akaendelea na maneno mengine ambayo sikuyajua, maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake kwa miezi kadhaa, na ndege alipoondoka hakuacha. Alinigeukia mimi, akayarudia, akanishika koti. Nilimwona anataka nielewe. Alikuwa karibu kulia.

Nikatoa simu nikampigia dada yake. Kule kwao ilikuwa alasiri, nyuma yake nilisikia mtu anapasua kuni. Nikamweleza, "Shemeji, anasema kitu, sielewi. Hebu msikilize." Nikaweka simu karibu na mdomo wa mke wangu. Walizungumza. Dada yake alikuwa akiuliza, yeye akijibu neno hilo hilo, akinyoosha mkono kunionyesha mimi kana kwamba dada yake anaona. Mwishowe shemeji akaniita.

"Anasema hasikii," akaniambia. "Anarudia hilo tu. Huyu hasikii, huyu hasikii. Anauliza nani atamwambia. Sasa shemeji, ni nani asiyesikia?"

"Ni mimi," nikasema.

 Nilisikia kuni zikipasuliwa. Kisha shemeji akasema nimpe tena mdogo wake, nikampa, naye akamwimbia kitu kwenye simu, wimbo wa kanisani ambao hata mimi niliujua mahadhi yake, na mke wangu akaufuata kwa sauti yake ile nzito, maneno yote yakiwa mahali pake. Watu wa kikundi walijitenga kidogo wakatupa mgongo, kwa heshima. Mama wa Bukoba tu ndiye aliyebaki, ameshika mgongo wa kile kiti.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho bondeni. Mwezi wa sita alianguka bafuni, na baada ya hapo kumeza nako kukawa shida. Nilijitahidi nyumbani kadiri nilivyoweza, binti yetu akahamia kwangu, akalala sebuleni, lakini ilipofika vuli tukakubali nyumba ya wazee. Walikuwa watu wema. Muuguzi mmoja Mkenya alikuwa akimsalimu kwa Kiswahili kila zamu hata kama hajibiwi, na siku moja nilimkuta akimchana nywele wakati saa zake za kazi zilikuwa zimekwisha. Mke wangu alikuwa akimtazama kwa macho ya kazi, yaani namna muuguzi anavyomtazama muuguzi mwenzake kuona kama anafanya sawasawa. Nadhani aliridhika.

Maneno yaliisha kabisa mwezi wa kumi na moja. Mikono haikuisha. Nilikuwa nikikaa kitandani kwake karibu na dirisha, na mara moja moja alikuwa akiniinulia mkono usoni na kunigeuza kidevu kuelekea nje. Nilitazama kila alikonielekeza. Ilikuwa maegesho ya magari, na theluji, na baadhi ya siku kunguru. Nilimweleza nilichokiona. Alifariki mwezi wa pili kwa homa ya mapafu, mchana, binti yetu amemshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Ibada ya mazishi ilifanyika kwenye ukumbi ambao kanisa letu la Kiswahili hukodi. Kwaya ilikuwa nusu Wakenya na nusu Wakongo, na waliimba vizuri. Mama wa Bukoba alikuja kwa basi kwenye baridi ile, akaketi nyuma na shali yake, na kile chakula cha msiba alikigawa yeye kama mwenye nyumba. Tulimzika ardhi ikiwa imeganda, mashine ikiichimba kwa kelele ambazo mimi nilizisikia vizuri sana, kwa sababu zilikuwa nzito.

Mwezi wa tano ulipoingia sikushuka. Dirishani niliona bonde linabadilika, kwanza ukungu mwekundu wa machipukizi, kisha kijani. Mama wa Bukoba alinipigia simu. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba kesho wapo, mahali pale pale, na kwamba atabeba chai.

Nikaenda. Walinipokea kwa kushikana mikono mmoja mmoja, na yule mzee Mzungu alivua kofia. Kisha tukaanza kutembea. Baada ya muda walisimama, wote kwa pamoja, vichwa vimeinuliwa, na mmoja akatabasamu, na nikajua kwamba juu yetu kuna mlio. Kwangu mimi msitu ulikuwa kimya. Niliona majani, niliona midomo ya watu ikisogea, na mbali zaidi nilisikia magari ya barabara kuu. Mama wa Bukoba alinisogelea. "Yupo kwenye ule mti mwembamba, baba," akasema, "upande wa mto, karibu na kileleni."

Nilitafuta. Kila mti upande wa mto ulikuwa mwembamba. Nilizungusha darubini mpaka shingo ikauma, na nilipoishusha wao walishasonga mbele kwenye ndege mwingine. Alikuwa amenieleza vizuri, hakuna ambaye angeweza kunieleza vizuri zaidi ya vile. Nilikunywa chai yake, nikawashukuru, nikapanda kilima peke yangu. Nilirudi tena mara mbili mwezi ule, kwa heshima yao, na mara zote mbili ilikuwa vile vile. Sijui kama mwakani nitaenda.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, binti yangu alinipeleka makaburini baada ya ibada. Alikuwa amenunua maua ya kupanda, na mwiko mdogo wa bustani, na kopo la maji. Tulipofika tukakuta kaburi limetitia. Barafu ilipoyeyuka udongo ulikuwa umeshuka, pamebaki shimo la kina cha kiganja, refu kama kitanda, na maji ya mvua yametuama upande mmoja. Binti yangu alisimama na maua yake, hajui pa kuyaweka. Nikamwita mfanyakazi aliyekuwa akikata nyasi karibu. Alizima mashine, akaja, akatueleza kwa upole kwamba makaburi ya majira ya baridi ndivyo yalivyo, huwa yanashuka, na kwamba wanasubiri ardhi ikauke ndipo wajaze udongo na kupanda nyasi. Alisema pengine wiki ijayo, kama mvua haitanyesha.

Tuliketi kwenye ukingo wa jiwe la jirani. Binti yangu aliniuliza, kwa Kiswahili, kama mama yake angekasirika. Nilimwambia angeuliza tu nani amehusika na kwa nini hakuna aliyemwarifu mapema. Alicheka kidogo, akafuta pua. Halafu akaanza kuyatoa maji yale yaliyotuama kwa lile kopo, anachota, anamwaga kwenye nyasi, anachota, na mimi nikavua koti la kanisani, nikapiga magoti upande wa pili, nikachota kwa mikono.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku zote. Walijaza udongo mwezi wa saba.